Niliinyima barua ya mwalimu wangu muhuri, na sheria mpya ya walimu ikanikuta nayo Doha

Wakuu wa jukwaa, salamu zangu ziwafikie popote mlipo, mlio kazini na mlio off.

Mimi ni mama mtu mzima. Nilifundisha hadi nikastaafu, na miaka yangu ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya umma upande mkavu wa Kitui. Sasa naishi Al Mansoura, hapa Doha, na binti yangu ambaye ni nesi. Nasoma humu siku nyingi bila kuandika. Leo naandika, na nitasimulia kama yalivyotokea, hata pale ambapo mimi ndiye mwenye makosa. Hasa hapo.

Nivumilieni, mimi husimulia polepole.

Ijumaa ndiyo Jumapili yetu hapa Doha. Ijumaa yangu ya kwanza, binti yangu alinipeleka Mesaimeer kwenye makanisa. Tulipita ukaguzi wa mabegi, tukasali, nikamshukuru Mungu kwa kunifikisha salama katika umri huu. Tulipotoka nikasikia mtu anaita, "Madam!"

Walimu wa Kenya wanajua. Madam, bila jina la mtu, ni mwalimu mkuu mwanamke. Hakuna mtu mwingine wa kuitwa hivyo kwa sauti ile.

Nikageuka. Alikuwa Mwalimu Mutinda, aliyenifundishia Hisabati na Fizikia miaka sita kabla hajaondoka kuja huku. Alivua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakamlenga. Mimi yalinitoka kabisa.

"Madam, na wewe wamekuleta kulinda?"

"Nimeletwa kulinda wajukuu. Na wewe je?"

"Mimi nimepanda cheo. Ni mwalimu mkuu wa mlango."

Alikuwa soja, yaani mlinzi, katika jengo moja la ghorofa nyingi kule The Pearl. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango wa kioo, kuandika wageni na kupokea vifurushi. Alisema watoto wa wenye nyumba wakirudi shuleni wanamwekea madaftari pale kaunta awaeleze sehemu na desimali, naye anawaeleza akiwa amesimama, kwa sababu haruhusiwi kukaa.

Tangu siku hiyo tukawa tunaonana kila Ijumaa. Mimi nilipewa darasa la watoto, ile Sunday school yetu ya Ijumaa, na Mutinda akija akiwa off alinisaidia. Watoto wakimaliza somo la dini na wazazi bado wako ibadani, alichukua boksi tupu la maji, akalikunjua, akaandika hesabu juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Watoto walikuwa wanaacha biskuti wamsikilize yeye. Nimekagua walimu wengi maishani mwangu. Yule bado alikuwa mwalimu.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kosa liko huko.

Siku Mutinda alipopata kazi ya huku, alikuja ofisini kwangu na barua ya kujiuzulu, nakala mbili, amezinyoosha vizuri ndani ya bahasha ya kaki. Kwetu utaratibu ni huu: ofisi inagonga muhuri wa kupokea kwenye nakala zote mbili, na tarehe. Moja inaingia kwenye faili na kupelekwa mbele, moja anabaki nayo mwenyewe. Barua isiyogongwa muhuri ni karatasi tu. Hata uiandike kwa machozi.

Mimi nilikataa kugonga.

Nilikuwa na sababu zangu, na wakati ule niliziona nzuri. Shule yangu ilikuwa inapoteza walimu kila muhula. Hapakuwa na nyumba, maji yalikuwa mbali, na kila aliyepata nafuu mahali pengine aliondoka. Nikigonga ule muhuri, jina la Mutinda lingetoka kwenye orodha ya shule, na mwingine wa Hisabati ningemsubiri hata miaka miwili. Tena nilimhurumia. Nilijua wengine waliokwenda Uarabuni na kurudi baada ya miezi mitatu wakiwa hawana kitu.

Nikamwambia, "Weka barua yako. Nenda. Nitaandika kwamba umepewa ruhusa ya kumuuguza mama. Mambo yakikushinda huko, rudi, kiti chako utakikuta."

Mama yake kweli alikuwa mgonjwa wakati huo. Ndiyo maana sikuuona kuwa uongo. Uongo uliochanganywa na ukweli huingia kooni kama uji, wakuu.

Akanishukuru sana. Akanibusu mkono.

Hakurudi. Kazi ilimkubali, mkataba ukafuatwa na mwingine. Muhula uliofuata akaja afisa wa elimu kuhesabu walimu, jina liko na mtu hayupo. Niliandika, "Hayuko kazini, haijulikani aliko." Baada ya hapo zikaja barua kutoka kwa mwajiri, za kumtaka ajieleze, kisha ya kumfuta kama mtoro wa kazi. Zilikuja kwa sanduku la posta la shule, kwa sababu ndiyo anwani aliyotumia, kama walimu wengi.

Nilizifungua, nikazitia kwenye faili lake, nikanyamaza. Nilijiambia, yuko mbali, ana kazi, kwa nini nimuumize bure?

Basi hivyo ndivyo nilivyomkumbatia pale Mesaimeer na kulia naye, na yeye hajui, na mimi najua. Nilikaa hivyo mwaka mzima. Nilikuwa nafundisha watoto wetu wa kanisani habari za kusema kweli.

Ndipo ukaja ule muswada.

Mutinda alikuja nao kwenye simu Ijumaa moja, anatembea haraka kama mtu aliyechelewa gwaride. Bunge lilikuwa linataka sheria ya kuajiri walimu na kuwabakiza katika shule za umma, hasa sehemu ngumu kama zetu. Kulikuwa na nyumba za walimu, na marupurupu kwa anayekubali kukaa. Na kifungu kimoja cha walioondoka: mwalimu aliyeacha kazi angeweza kurudi bila kuanza foleni upya, kwa ngazi ileile aliyoachia, mradi aombe ndani ya mwaka mmoja tangu sheria ianze.

"Madam, hiki kifungu wameniandikia mimi," alisema.

Mkataba wake ulikuwa na miezi minne kuisha. Kampuni ilimtaka asaini mwingine wa miaka miwili. Binti yake Mwende alikuwa anakaribia kuingia sekondari, na alikuwa amemwona baba yake mara tatu tu tangu aanze shule. Mara ya mwisho alimwita "Uncle" kwa bahati mbaya, kisha akajificha jikoni kwa aibu. Mutinda alikuwa ananisimulia hayo akicheka, lakini alikuwa anasugua ile kofia yake.

Nikamuuliza masharti ni yapi.

Akasoma. Uwe umesajiliwa. Usiwe na kesi ya kuwadhuru watoto. Na uwe umeacha kazi kwa barua iliyopokelewa. Aliyetoroka kazi hahusiki.

"Hiyo ya barua sina wasiwasi," akasema. "Barua niliandika. Wewe ni shahidi."

Nilikuwa na kikombe cha chai ya karak mkononi. Nilikiweka chini kwenye ukingo wa ua.

Wakuu, ningeweza kusema siku hiyo. Sikusema. Nilimwambia alete ile barua Ijumaa ijayo tuitazame. Nilijipa wiki moja ya woga.

Akaileta. Ilikuwa ndani ya folda ya plastiki pamoja na vyeti vyake, safi kama siku ile. Tarehe iko, sahihi yake iko, na pale chini, mahali pa muhuri, pako wazi. Aliitazama kama anaiona kwa mara ya kwanza.

"Nilisahau kwamba hukugonga," akasema.

"Mwalimu, kaa chini."

"Nasimama siku sita kwa wiki, Madam, nimezoea. Sema tu."

Nikamwambia yote. Ruhusa ya mama. Afisa. Barua za posta. Faili.

Alisubiri nimalize. Watoto walikuwa wanakimbizana pale kwenye kivuli, mmoja akaja kumvuta suruali akitaka boksi la hesabu. Akamwambia, "Leo hakuna."

Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii mimi ni mtoro?"

"Ndiyo."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Akazifunga zipu za begi lake, moja moja, akaondoka kwenda kwenye basi. Hakuaga. Mutinda ni mtu ambaye huaga hata paka.

Ijumaa mbili hakuja. Watoto waliuliza. Nilifundisha peke yangu, na sijui nilifundisha nini.

Ijumaa ya tatu alikuja, amenyoa, amevaa shati jeupe. Alikuwa na suluhisho. Alimpigia simu mwalimu mkuu wa sasa wa shule yetu, ambaye zamani alikuwa naibu wangu, mtu mpole sana. Ule muhuri wetu ni wa kuzungusha namba za tarehe kwa kidole. Unaweza kuurudisha nyuma upendavyo. Naibu wangu alisema, "Madam akisema sawa, mimi nitagonga tarehe ile ile na kuiweka kwenye faili." Alitaka neno langu tu.

"Si kudanganya," Mutinda aliniambia. "Siku ile ulipokea au hukupokea?"

"Nilipokea."

"Basi muhuri utasema kweli."

Nilimwambia anipe siku mbili.

Nyumbani nikamweleza binti yangu. Alikuwa ametoka zamu, miguu ameiweka kwenye beseni la maji. Akasema, "Mama, mpe huyo baba wa watu muhuri wake. Wewe ndiye uliyemharibia. Sasa unataka kutubu kwa gharama yake?"

Lilinichoma, kwa sababu lilikuwa na haki ndani yake.

Niliomba sana zile siku mbili. Sitawaambia kwamba nilisikia sauti. Sikusikia kitu. Nilichoona ni hiki: mara ya kwanza nilijificha nyuma ya muhuri kwa kutokugonga. Sasa nataka kujificha tena kwa kugonga. Mtu wa tatu, yule naibu wangu asiye na hatia, ataweka kazi yake rehani kwa ajili yangu. Na katika faili lile zimo barua zangu mwenyewe zinazosema Mutinda hayupo na haijulikani aliko. Mtu akizisoma pamoja na muhuri mpya, Mutinda atakuwa mtoro na mghushi, na hapo hakuna sheria itakayomrudisha.

Nikampigia simu. Nikakataa.

Nilisikia mlango wake wa kioo ukifunguka na yeye akisema "Good morning, sir" kwa mtu, kisha akarudi kwenye simu.

"Madam, mara ya kwanza ulininyima muhuri kwa kunipenda mimi. Sasa unaninyima kwa kumpenda Mungu. Mimi nipendwe na nani?"

Hadi leo ninapoandika nalifikiria lile swali.

Nilimwambia tu nilichokuwa nimeamua kufanya. Kwamba nitaapa mbele ya afisa wa ubalozi na kuandika hati ya kiapo nieleze nilivyoikalia barua yake. Na kwamba kamati ya bunge ilikuwa bado inapokea maoni ya wananchi juu ya muswada, kwa hiyo nitawaandikia na wao. Akasema, "Andika, Madam," kama mtu anayemwambia mgonjwa anywe maji.

Niliandika kwa mkono kwanza, kurasa tatu. Mjukuu wangu akazichapa, akiniuliza kila mara, "Bibi, unataka kweli kuweka hii?" Nilieleza kwamba kifungu kile kimedhani mwalimu asiye na barua yenye muhuri ni mtoro. Lakini huko mashambani sisi wakuu wa shule ndio wenye muhuri, na wengi wetu tunakataa kuugonga kwa sababu tunaogopa kubaki na darasa bila mwalimu. Nikataja kosa langu kwa jina langu. Nikawaomba waruhusu ushahidi mwingine.

Niliongeza jambo moja ambalo mjukuu alisema ni refu mno. Niliandika kwamba mimi nilitaka kumbakiza mwalimu kwa kumfichia mlango wa kutokea. Hakubaki. Hakuna mwalimu anayebakizwa hivyo. Wajenge zile nyumba.

Pale ubalozini nilipanga foleni na vijana waliokuja kutafuta pasipoti. Afisa alisoma kiapo changu, akainua macho.

"Mama, unajua unajishtaki mwenyewe?"

"Najua, mwanangu."

"Na umestaafu salama?"

"Namshukuru Mungu, salama."

Akatikisa kichwa, akagonga. Muhuri mkubwa, wa mviringo. Nikautazama ukikauka.

Mutinda alichukua hati bila maneno mengi. Wenzake chumbani walimcheka. Walimwambia asaini mkataba aachane na karatasi za bibi. Kampuni ilimtaka ajibu kufikia mwisho wa mwezi. Aliomba mwezi mmoja zaidi, msimamizi akamwambia, "Khalas, basi, mmoja tu." Kama mwezi ule ungeisha bila sheria, angesaini. Alinieleza wazi ili nisije nikamlaumu.

Lakini Ijumaa ile alikunjua tena boksi akaandika hesabu. Hakunisemesha sana. Alifundisha.

Wakuu, sheria ilipita siku chache kabla mwezi haujaisha. Kifungu kile kilikuwa kimeongezwa maneno: barua iliyopokelewa, au ushahidi mwingine uliotolewa kwa kiapo. Sisemi ni kwa sababu ya kurasa zangu. Naamini tulikuwa wengi tulioandika, na hilo ndilo lililonisikitisha na kunifariji kwa pamoja.

Mutinda hakusaini mkataba; akaomba kurudi, na tukaitwa kusikilizwa kwa simu ya video. Yeye alikuwa kwenye ngazi za dharura za lile jengo, kofia kwapani. Mimi nilikuwa sebuleni na gauni langu la kanisani. Upande wa pili watu watatu wa mwajiri, na mama mmoja wa miwani ndiye alikuwa mwenyekiti.

Akaniuliza, "Madam, kwa nini hukugonga muhuri?"

"Nilimtaka arudi."

"Na zile barua zetu, kwa nini hukumpelekea?"

"Niliona aibu."

Akavua miwani akaifuta. "Kuna wakuu wa shule wangapi wa namna yako?"

"Wengi, mheshimiwa. Na wengi wao ni watu wazuri."

Mmoja wao alicheka kidogo, kisha wakatuambia tusubiri majibu.

Yalikuja mawili. Langu lilikuwa barua ya karipio, imeingizwa kwenye faili langu nikiwa nimeshastaafu. Nimeipokea. Niliiweka ndani ya Biblia kwa siku chache, kisha nikaona pale si mahali pake, nikaipeleka kabatini.

Lake lilisema neno "mtoro" limeondolewa, na kwamba anarudi kwa ngazi aliyoachia. Miaka ya huku Doha haihesabiwi, na shule aliyopangiwa iko mbali zaidi kuliko ile yetu. Kuhusu nyumba, barua inasema itajengwa. Nilimuuliza kama atakubali hivyo hivyo.

"Madam, nitalala hata maabara."

Ijumaa yake ya mwisho watoto walimwandikia kadi. Mimi nilimpa ile nakala ya pili ya barua yake, ambayo alikuwa ameniachia niambatanishe na kiapo. Nilimwambia nimekosa sana mbele yake, na kwamba sidai anisamehe kwa sababu mambo yameisha vizuri. Yangeweza kuisha vibaya na kosa lingekuwa lile lile.

Akasema, "Nilikasirika, Madam. Bado nakasirika siku nyingine, hasa nikimkumbuka Mwende kule jikoni. Nikiacha nitakuambia."

Nilimshukuru kwa hilo. Afadhali hivyo kuliko angenibusu mkono tena.

Nilichojifunza ni kidogo na kiko wazi. Wema unaohitaji mtu mwingine asijue ukweli wa maisha yake mwenyewe si wema, hata kama umeufanya kwa machozi na kwa maombi. Na serikali ikileta sheria ya walimu, isomeni hadi kifungu cha mwisho, mwandike maoni, hata kama mko huku mbali mkifungua milango ya wengine. Kuna mtu anayasoma.

Nawaomba walimu walio humu, na mko wengi, najua, mnaoendesha magari, mnaolea watoto, mnaosimama kwenye milango: mlipoondoka mliagaje? Barua yenu ilipokelewa? Semeni tujue. Na wakuu wa shule mnaosoma kimya kama nilivyokuwa mimi, fungueni droo zenu mtazame. Mkiona vyema mtuambie mmekuta nini. Nitajibu kila mmoja, ila polepole, vidole vyangu si vya kisasa.

NYONGEZA: Niliandika uzi huu jana, leo asubuhi Mutinda amenitumia picha akiwa uwanja wa ndege. Nilidhani ni picha ya ndege. Ni barua yake ya kuacha kazi katika kampuni ya ulinzi, nakala yake mwenyewe, na chini kulia kuna muhuri wa bluu na tarehe.

Ameandika tu: "Madam, wamegonga. Tazama."

Kisha baada ya dakika kama kumi, nikiwa bado natafuta miwani, akaongeza: "Hayo ni maneno matatu ukihesabu na Madam. Sahihisha unipe alama."